Watu watano wa Toronto na mkono wa besi wa mzee wetu

Jana mazoezi yameisha saa nne usiku, nimefika nyumbani nimejilaza macho yako wazi tu, maana kuna kitu tumekihangaikia tangu mwezi wa pili na jana tumekipata, tena kimetokea upande ambao sikuuwazia kabisa, kwa hiyo naandika sasa hivi kabla hakijapoa.

Sisi tuko watano. Mimi napuliza tarumbeta, nilianzia kwenye matarumbeta ya kanisani Moshi nikiwa darasa la sita, saksafoni ana jamaa yangu mmoja ambaye chombo chake kina kitufe kimefungwa na mpira wa manati na bado anakitoa machozi, kinanda ana dada mmoja mwalimu wa kwaya, dramsi ana kijana anayepiga injili wiki nzima, na besi ana mzee wetu. Mzee ana umri wa baba yangu, amepiga muziki wa dansi tangu miaka ya sabini, akiingia mlangoni wote tunasimama shikamoo mzee, marahaba wanangu, ndo tunafungua vyombo. Tunafanyia mazoezi Sinza kwenye gereji ya shemeji yake mpiga dramsi, gari linatolewa nje saa kumi na mbili jioni sisi tunaingia.

Tunachotaka ni kupiga jazi yenyewe, ile ya watu watano, kwa miendo yake yote mitatu, swingi, bibopu na ule wa Kilatini uliotoka Kuba. Na kitabu chetu ni rekodi moja tu. Kila mtu anayo kwenye simu, tumeisikiliza mpaka kukohoa kwa watazamaji tunakujua.

Kwa ambaye hajui habari yake. Ijumaa tarehe 15 Mei 1953, kikundi cha vijana wapenda jazi wa Toronto huko Kanada kilikodi ukumbi wa Massey Hall wakaita watu watano kutoka Marekani. Dizzy Gillespie tarumbeta, Charlie Parker saksafoni ya alto, Bud Powell piano, Charles Mingus besi, Max Roach dramsi. Mkubwa wao alikuwa Dizzy, miaka 35, mdogo wao Bud Powell, 28. Yani vijana wa makamo ya kwetu, lakini kila mmoja hapo alikuwa ameshabadilisha namna chombo chake kinavyopigwa dunia nzima, na hao watano wote pamoja hawakuwahi kurekodiwa tena zaidi ya usiku ule. Ilikuwa mara moja ikaisha. Parker alifariki Machi 1955, miaka 34 tu, na Toronto mara nyingi inatajwa kuwa ndo rekodi ya mwisho yeye na Dizzy wakiwa jukwaa moja.

Na ukumbi haukujaa. Usiku huohuo Chicago Rocky Marciano alikuwa anatetea ubingwa wa dunia wa uzito wa juu na Jersey Joe Walcott, watu wengi wakaona bora wabaki na ndondi, na lile pambano lenyewe likaishia raundi ya kwanza, Walcott chini. Viti vikabaki vitupu, mapato ya mlangoni hayakutosha hata kuwalipa wanamuziki inavyotakiwa. Nikifikiria hilo huwa naumia sana, kwamba inawezekana watu wa aina ile wamesimama mbele yako na wewe uko mtaa wa pili unasubiri ngumi. Ila na hao waliokuwepo unawasikia kwenye rekodi wanavyopiga makofi, wachache lakini wanajua wako wapi.

Parker alikuja na saksafoni ya plastiki. Nyeupe, inaitwa Grafton, ilitengenezwa Uingereza. Jamaa yangu wa saksafoni nilipomwambia hilo mara ya kwanza alinyamaza kwa muda halafu akaangalia ule mpira wake wa manati. Ile plastiki mwaka 1994 ilipigwa mnada London kwa pauni 93,500, ikanunuliwa ikarudi Kansas City, mji aliokulia Parker, ipo kwenye makumbusho ya jazi mpaka leo. Na ukisikiliza hutasema ni plastiki. Kwenye rekodi ilipotoka hawakuandika hata jina lake, waliandika Charlie Chan, kwa sababu alikuwa na mkataba na kampuni nyingine. Mtu yeyote mwenye masikio alijua ni nani baada ya noti tatu.

Bud Powell naye, huyu nampenda kwa namna ambayo siwezi kuieleza vizuri. Mwaka 1945 polisi walimpiga kichwani vibaya sana, baada ya hapo maisha yake yakawa ya kuingia na kutoka hospitali za wagonjwa wa akili, na alipofika Toronto ilikuwa imepita miezi michache tu tangu atoke. Kamsikilize mkono wake wa kulia halafu urudi uniambie. Dada yetu wa kinanda kila akimaliza kusikiliza anafunga kifuniko cha kinanda dakika moja hivi, hasemi kitu, ndo anafungua tena.

Sasa nije kwenye nyimbo maana ndo tatizo letu lilipokuwa.

Walifungua na Perdido. Huu ni wimbo wa swingi, wa enzi za bendi kubwa, bendi ya Duke Ellington ndo iliupaza mwanzoni mwa miaka ya arobaini. Swingi ni muziki wa kucheza, usisahau hilo, watu walikuwa wanajaza kumbi Harlem, mtaa wa watu weusi New York, usiku mzima wanatoka jasho. Kazi ya besi kwenye swingi ni kutembea, hatua nne kila kipimo, yani kila kifungu cha mapigo manne, sawasawa, hakuna kuruka hata moja, na juu yake toazi linaimba tii, tii-ti-tii, tii-ti-tii, zile noti mbilimbili hazilingani urefu, ya kwanza inavutwa ya pili inakatwa, kama mtoto aliyetumwa dukani akawa anarukaruka njiani. Ukizilinganisha swingi inakufa papo hapo, unabaki na gwaride. Na sisi miezi mitatu tulikuwa na gwaride.

Halafu bibopu. Jamani watu wanaiogopa bibopu, wanasema ni kelele za wataalamu. Mimi naona ni uleule muziki wa dansi ila umekimbia. Miaka ya arobaini mwanzoni vijana walikuwa wakishamaliza kazi kwenye bendi kubwa wanakutana usiku wa manane sehemu kama Minton's pale Harlem, wanapiga kwa ajili yao wenyewe, na kule mpiga dramsi Kenny Clarke alishaanza kuhamisha mwendo kutoka kwenye ngoma ya mguu kuupeleka juu kwenye toazi, mguu ukawa huru, unadondosha bomu pale tu panapohitaji. Kitu kidogo hicho lakini kiliwafungulia mlango wote, maana ngoma ya mguu ikiacha kugonga nne kila kipimo basi mwendo unaweza kuwa wa kasi yoyote na bado ukapumua. Max Roach akakichukua pale akakipeleka mbali.

Na nyimbo zao nyingi zilikuwa zimejengwa juu ya nyimbo za watu wengine. Hili ukiwa mtu wa kanisani unalielewa haraka. Sisi kwenye mapambio tunachukua sauti ileile tunaweka maneno mapya, si ndiyo? Wao walikuwa wanachukua kordi zilezile, yani yale mafungu ya noti zinazopigwa pamoja chini ya wimbo, wanaweka sauti mpya kabisa juu yake. Kwenye onyesho lile la Toronto kuna Hot House ya Tadd Dameron, chini yake kuna kordi za wimbo wa Cole Porter uliokuwa maarufu tayari, lakini melodi iliyokaa juu inapinda kona ambazo Porter hakuzifikiria. Salt Peanuts, yani karanga za chumvi, nao unakaa juu ya kordi za wimbo wa Gershwin ambazo kila mwanajazi amezila kwa uji. Parker mwenyewe anausemea kabla hawajaanza, kwa adabu ya mtu anayehutubia bunge, halafu wanapiga mbio ambazo mara ya kwanza nilidhani simu yangu inacheza haraka kuliko kawaida. Wakati Parker yuko katikati ya solo Dizzy anamrukia kwa kupiga kelele za karanga za chumvi, na Parker wala hatetereki.

Saksafoni na mimi hizo tulizimudu kiasi. Kwa mwendo wa polepole, lakini tulizimudu. Kinanda akazimudu. Tatizo likawa palepale, chini. Mzee anapiga noti zote sahihi, masikio yake ni makubwa kuliko ya sisi wanne tukijumlishwa, unampigia kordi mara moja tu anaishika, lakini hatembei. Mkono wake una miaka hamsini ya rumba na cha cha cha. Besi ya dansi haitembei, inaruka na kuacha nafasi, ile hatua ya kwanza ya kipimo mara nyingi inaiacha wazi kwa makusudi, inawahi kabla au inakuja baada, na katika hizo nafasi ndo tumba na gitaa la ridhim zinaingia zinajibizana. Mpiga besi mzuri wa dansi unamjua kwa vile asivyovipiga. Sasa mtu wa namna hiyo umwambie apige nne nne nne bila kupumzika, ni kama umemwambia mpishi wa pilau asitie viungo. Anafanya kwa heshima yako lakini moyo haupo. Kijana wa dramsi alikuwa anamwambia kwa upole, mzee jaribu kujaza, na mzee anajaza, na inakuwa nzito kama mtu anayebeba saruji ghorofani.

Nilifika mahali nikafikiria kwamba labda sisi hatuwezi. Nikakumbuka yale maneno ninayoyasikiaga siku zote, kwamba bendi zetu za zamani zilijiita Jazz lakini hazikuwa jazi. Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz, Tabora Jazz, Nuta Jazz. Na kule ng'ambo ya ziwa African Jazz ya Kabasele na OK Jazz ya Franco. Watu wanasema lile jina lilikuwa ni la fasheni tu, maana yake bendi ya dansi yenye vyombo vya kisasa, basi. Na kwa kiasi fulani ni kweli, Mbaraka Mwinshehe hakuwa anapiga bibopu.

Lakini mie hilo neno "hazikuwa" limekuwa likinikaa vibaya kwa miaka, na jana nimejua kwa nini.

Rudi nyuma kidogo. Kuanzia miaka ya thelathini kampuni ya HMV ilikuwa inauza Afrika sahani za santuri za mfululizo uitwao GV, na ndani yake zilijaa nyimbo za Kuba, rumba na son. Zilianza Afrika Magharibi zikashuka Kongo zikafika na pwani yetu. Watu wakazisikia wakasema hii tunaijua, sijui imetoka wapi lakini tunaijua, wakatia maneno ya Kilingala na Kiswahili juu yake. Morogoro kule Salum Abdallah bendi yake akaiita Cuban Marimba, jina lenyewe linajieleza, na ngoma za kupiga kwa mikono tukaziita tumba, neno la Kuba lilelile, na mpaka leo ukimwambia mpigaji yeyote wa dansi kalete tumba hakuulizi ni kitu gani. Moja ya sahani za kwanza za GV ilikuwa ni ule wimbo wa Don Azpiazu wa muuza karanga wa Havana. Muuza karanga! Kila nikisikia Dizzy anapiga kelele za karanga za chumvi Toronto namkumbuka huyo wa Havana na namkumbuka yule wa pale kituoni Sinza anayechezesha sarafu mkononi chwa chwa chwa ili ujue amepita.

Wakati huohuo upande wa pili wa bahari, New York, Wakuba walewale walikuwa wanaingia kwenye bendi za Wamarekani weusi. Dizzy akiwa kijana kwenye bendi ya Cab Calloway alikaa kiti kimoja na Mario Bauzá, mpiga tarumbeta wa Havana, na Bauzá ndiye aliyemfungua masikio kwa vijiti vya Kuba, ile pa, pa, pa, halafu pa-pa, mipigo mitano kwenye vipimo viwili ambayo wimbo wote unaizunguka hata kama hakuna anayeipiga kwa sauti. Baadaye Bauzá huyohuyo ndo akamletea Chano Pozo, mpiga tumba kutoka Havana, 1947. Chano hakujua Kiingereza na Dizzy hakujua Kihispania, wakatengeneza Manteca mwisho wa mwaka ule, na mwaka mmoja baadaye, Desemba 1948, Chano akapigwa risasi kwenye baa Harlem akafa, miaka 33. Kwa muda wote huo mfupi. Na bendi ya Machito, ambayo Bauzá alikuwa kiongozi wake wa muziki, mwishoni mwa 1957 walirekodi albamu nzima wakaiita Kenya. Hawakuiita Havana wala New York.

Hata ule Perdido wa swingi, mtunzi wake Juan Tizol ni mtu wa Puerto Rico, kisiwa cha Karibi kama Kuba, alikuwa anapiga tromboni kwa Ellington. Ukichimba kidogo kila sehemu unakuta kidole cha visiwa vile.

Kwa hiyo ndo naona hivi. Jazi ya Dizzy na dansi la Morogoro si mzazi na mtoto, wala moja si feki ya nyingine. Ni watoto wa mama mkubwa na mama mdogo. Walilelewa nyumba tofauti, mmoja akajua kutembea mwingine akajua kuruka, ila bibi ni mmoja.

Sasa jana. Nilikuwa nimechoka na Perdido nikasema leo tuache, tujaribu A Night in Tunisia, wimbo alioutunga Dizzy mwaka 1942 na ndo wenye mwendo wa Kilatini kuliko zote walizopiga usiku ule Toronto. Nikaweka rekodi kwenye spika, mzee alikuwa amekaa kwenye kindoo chake cha rangi anakunywa chai. Ile besi ya mwanzo ikaanza, ile inayozunguka na kurudi, inayopanda na kuacha pengo. Hakungoja hata vipimo nane. Aliweka kikombe chini akachukua besi akaingia nayo, palepale, kwa uzito uleule na mapengo yaleyale, kichwa kimeinama. Kijana wa dramsi akaanza kuhangaika na toazi mzee akamwambia acha hilo mwanangu, shuka kwenye tumba. Hatuna tumba. Akamwambia piga tamtam kwa mkono. Akapiga kwa mkono. Aisee.

Dada wa kinanda akaweka zile kordi mbili zinazopishana nusu sauti, saksafoni na mimi tukaingia na melodi, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa pili nilihisi sakafu iko chini ya miguu yangu.

Na hapa ndo pana siri ya huu wimbo ambayo nilikuwa naijua kwa kichwa lakini sikuwahi kuiona ikifanya kazi. Ni vipimo 32, vyumba vinne vya vipimo nane nane. Chumba cha kwanza, cha pili na cha mwisho ni Kuba. Kile cha tatu ghafla kinageuka swingi, besi inatakiwa iache kuruka ianze kutembea, halafu baada ya vipimo nane inarudi nyumbani. Na yakiisha yote kuna kipande cha kumsukumia mpiga solo, bendi yote inanyamaza vipimo vinne, mtu mmoja anabaki hewani peke yake na bibopu yake. Kuna rekodi ya 1946 Parker anajaza vile vipimo vinne kwa namna ambayo watu mpaka leo wanakiongelea kile kipande peke yake kama vile ni wimbo kamili. Kwa hiyo miendo yote mitatu imo kwenye wimbo mmoja, hulazimiki kuchagua.

Tulipofika chumba cha tatu mara ya kwanza mzee aliendelea kuruka. Tukasimama. Nikamweleza, mzee hapa wanatembea, hatua nne nne, vipimo nane tu halafu unarudi kwako. Akafikiri. Akasema, "Kumbe ni safari ya kwenda na kurudi." Nikasema ndiyo. Akasema, "Sasa mbona hukuniambia? Ule mwingine mlikuwa mnanitembeza tu bila kuniambia narudi lini."

Tukaanza upya. Na alipofika pale, akatembea. Sijui niielezeje. Haikuwa nzito tena, ilikuwa na haraka kidogo ndani yake, kama mtu anayejua nyumbani ni kona ile pale na ameshaona taa. Kijana wa dramsi akaruka kwenye toazi tii, tii-ti-tii, na zile noti mbilimbili zikavutika zenyewe, hakuna aliyezihesabu. Halafu chap wakarudi Kuba wote wawili. Tukaupiga huo wimbo mara saba au nane, kila mzunguko ule mtembeo ulikuwa unalainika zaidi, na mwisho mzee mwenyewe akasema haya tujaribu ule wa kupotea, maana nilikuwa nimemwambia Perdido maana yake ni aliyepotea. Tukapiga Perdido. Alitembea vipimo vyote 32. Jamaa wa saksafoni alikosa kuingia zamu yake kwa sababu alikuwa amegeuka anamtazama.

Wakati tunafunga vyombo nikamsimulia kisa cha Mingus. Kwamba ile rekodi ya Toronto Mingus ndo aliyeichukua kwenye mkanda, na aliporudi New York akasikiliza akakuta besi yake haisikiki vizuri, akaingia studio akaipiga upya juu ya mkanda uleule, ikatoka kwenye lebo ya Debut ambayo ilikuwa ni yake na mkewe na Max Roach. Kwa hiyo toleo lile la zamani unasikia Mingus wa studio, na baadaye sana ndo wakatoa toleo lenye besi ya usiku wenyewe, kwa mbali, nyuma ya kila kitu.

Mzee alikuwa anakunja waya. Akasimama. Akaniambia siku zao walikuwa wanaingia studio ya redio bendi nzima, mikrofoni chache, mmoja akikosea wote mnarudia toka mwanzo, na kuna nyimbo zinapigwa mpaka leo, watu wanalia nazo misibani na kucheza nazo harusini, na yeye yumo na hajawahi kujisikia. Anajua tu kwamba yumo. Akaniuliza, huyu Mingus alipata wapi ruhusa ya kurudi kujipiga. Nikamwambia lebo ilikuwa yake mzee. Akatikisa kichwa akamaliza kukunja waya wake, akaniomba nimtumie zote mbili, ile aliyoipiga upya na ile ya usiku wenyewe. Nikamtumia palepale.

Leo asubuhi saa mbili kasoro simu inaita, ni yeye. Shikamoo mzee. Marahaba. Hakuuliza habari za asubuhi. Akasema, amesikiliza usiku kucha, ile isiyosikika ndo nzuri zaidi, unamsikia jamaa anasukuma hata kama hawamsikii. Halafu akasema hebu sikiliza, akaanza kuimba ile besi ya chumba cha tatu kwa mdomo, dum dum dum dum, anatembea, nikasikia na kidole kinagonga meza huko kwake, vipimo sita, saba, na kabla hajarudi Kuba salio likakata.